Shajara ya mradi: mimea ya matuta ya mchanga Mambrui, tulikofikia mwezi wa nane

Alhamisi usiku, maandalizi

Jumamosi tunatoka inshallah. Kazi ni ileile, kuandika mimea ya mwituni kwenye matuta ya mchanga kuanzia kaskazini ya mdomo wa mto Sabaki kuelekea Mambrui, siyo matuta yote manake hayo hata ukipewa mwaka huyamalizi, tunachukua vipande vichache tu tunavifanya vizuri. Safari hii wageni ni wengi: mwalimu wa baiolojia na wanafunzi wake, vijana wa chuo, akina mama wawili wasukaji wa mikeka na mvuvi mmoja ambaye sote tunamwita Ami, yeye ndo anajua maji yatakupwa saa ngapi bila kuangalia apu yoyote.

Kwa ajili ya wageni naandika hili mapema ili tusije tukagombana huko juani. Orodha ya majina matupu sipokei. Ukiniletea karatasi imeandikwa "mlakasa, Mambrui" umeniambia nini? Mlakasa, yaani Ipomoea pes-caprae, uko kwenye fukwe za joto karibu dunia nzima. Mimi nataka kujua ulikuwa wapi kwenye tuta: chini kabisa kwenye mwani mkavu ulioachwa na bamvua, au usoni unaotazama bahari, au kileleni, au bondeni nyuma ambako upepo haufiki. Na umefukiwa kiasi gani. Tuta la mchanga ni mahali ambapo ukipiga hatua ishirini chumvi imebadilika, upepo umebadilika, hata joto la mchanga chini ya miguu limebadilika, na mimea inajua hayo kuliko sisi, kwa hivo jina bila mahali ni nusu ya habari na hata nusu sijui kama inafika.

Vifaa: kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita, kwadrati mbili (fremu za mraba, tunaandika mimea iliyo ndani yake) za mabomba ya PVC za mita 1 kwa 1, penseli (biro zikiingia mchanga hazina faida), magazeti ya zamani, makaratasi ya boksi, pawabanki. Kwa kiasi cha kufunika ardhi tunatumia alama za Braun-Blanquet, hazina ugumu: + ni vichache sana vya kuhesabika, 1 ni chini ya asilimia 5, 2 ni 5 mpaka 25, 3 mpaka 50, 4 mpaka 75, na 5 ni kupita hapo. Na tafadhali, kung'oa hapana. Kukusanya sampuli kuna vibali vyake, mwenzetu wa chuo anacho cha kwake na ni yeye tu atakata, sisi wengine ni simu na penseli.

Jumamosi asubuhi, mstari wa kwanza

Tumetoka Malindi alfajiri na matatu ya kukodi, Mambrui ni kama kilomita 15 tu lakini dereva alitaka kusimama kila mahali. Darajani Sabaki nilimwomba asimame hata sikulipa ziada, nikawaonyesha wanafunzi yale maji. Kahawia nzito. Mto huu ndo baba wa matuta yote tunayoenda kuandika, unaanzia nyanda za juu huko karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unakutana na mto Tsavo, ndani ya mbuga unaitwa Galana, ukitufikia sisi ni Sabaki, na njia nzima unabeba udongo wa mashamba ya watu. Unaumwaga baharini hapa, mawimbi yanaurudisha ufuoni, jua linaukausha na upepo wa kusi unaubeba kuupeleka bara. Kuna utafiti uliotoka 2007 waliochimba kwenye tumbawe moja la Malindi lenye umri wa kama miaka 300, wakapima madini ya bariamu tabaka kwa tabaka, manake bariamu huja na udongo wa mtoni, na ikaonekana mambo yalikuwa yametulia miaka mingi halafu mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda, wakati wa ukoloni misitu inafyekwa na mashamba yanafunguliwa huko juu. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa hivo tunaenda kukanyaga Machakos? Mwalimu akamwambia kiasi fulani ndiyo.

Ufukweni mchanga unang'aa kwa sababu ya vipande vidogo vya maika, ukishika unabaki unametameta kwenye viganja, watoto wakapoteza dakika kumi hapo za kupiga picha za mikono. Sawa tu.

Kusi ilikuwa inavuma kwelikweli. Kwadrati ya kwanza tuliiweka chini, hatujageuka, imebiringika mpaka kwenye maji, mvuvi Ami akaifuata anacheka. Dawa yake ikapatikana palepale, akafungua kona, akajaza mabomba mchanga uliolowa, akafunga tena, baada ya hapo haikusogea siku nzima. Kuanzia leo hiyo ndo itakuwa kawaida yetu, nimeshaiandika kwenye orodha ya vifaa.

Mstari wa kwanza, yaani ile kamba iliyonyooshwa kutoka baharini kwenda ndani, tuliuanzia kwenye alama ya maji kujaa. Mita za mwanzo hamna kitu, mwani mkavu na kopo la rangi. Tunaandika sifuri, na sifuri ni data, nilisema hilo mara nyingi mpaka wakaanza kuniigiza. Halafu ghafla majani ya Halopyrum mucronatum yanaanza. Hili ni jani la jamii ya nyasi, gumu, la rangi ya kijani cha kijivu, linaota mafungumafungu, na kila fungu limekaa juu ya kilima chake kidogo cha mchanga. Mtu akiangalia haraka atadhani jani limechagua kuota kwenye kilima. Ni kinyume, jani ndo limejenga. Piga magoti uangalie kwa karibu, upepo unakuja na punje zake unagonga yale majani unapunguza kasi, punje zinaanguka upande wa nyuma, kilima kinapanda, na jani linatoa shina jipya na mizizi mipya juu ya ule mchanga mpya. Tulichimba kwa mkono pembeni ya fungu moja lililokatika lenyewe, mashina ya zamani yalikuwa chini huko yamekauka, fundo baada ya fundo, mkono wangu ukazama mpaka kiwiko na bado yanaendelea.

Mlakasa unaingia hapohapo kati ya mafungu. Jani lake limegawanyika nchani kama kwato za mbuzi, ua la zambarau, asubuhi limefunguka na mchana limeshanywea, kwa hivo anayetaka picha ya ua aje mapema. Kamba zake zinatambaa mita nyingi na kila kifundo kinachogusa mchanga kinatoa mzizi. Ami akasema mtu akichomwa na konyeza baharini majani haya hupondwa yakapakwa, na nimesoma kwamba watu wa pwani nyingine za joto wanafanya hivohivo. Imeingia kwenye safu ya matumizi.

Jumamosi, kwenye mgongo wa tuta

Hapa ndo palikuwa na mjadala mkubwa wa siku. Kuna kichaka kina majani manene ya kung'aa na maua meupe. Msichana mmoja alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha ua moja kamili, tukamwona anazunguka kichaka, anainama, anaangalia, anaenda kingine. Mwisho akaja kulalamika, mwalimu maua yote yamechanwa na upepo, yamebaki nusu. Mwalimu akanitazama mimi, mimi nikamtazama mwenzetu wa chuo, akaanza kucheka. Ua la Scaevola ndivo lilivo, petali tano zote ziko upande mmoja zimekunjuka, upande wa pili wazi kabisa. Tangu hapo mmea unaitwa nusu-ua kwenye karatasi zetu zote na jina la Kilatini linafuata kwenye mabano.

Lakini mjadala wenyewe ulikuwa ni Scaevola ipi, manake pwani yetu ina mbili, plumieri na taccada, na bila tunda watu hubishana sana. Tunda ndo mkata maneno: plumieri likiiva linakuwa jeusi la zambarau linang'aa, taccada linakuwa jeupe. Tukatafuta kichaka hadi kichaka tukapata matunda meusi chini ya majani, basi mjadala ukafungwa, plumieri. Na hapa tena suala la kufukiwa, mchanga ukiufunika mmea huu shina linatoa mizizi na kuendelea kupanda, kwa hivo zile unazoziona kama vichaka vitano vimetengana juu ya tuta inawezekana ni mmea mmoja umezama na vichwa vyake vitano viko nje. Tulihesabu vichwa, na tukaandika wazi kwamba tumehesabu vichwa.

Vingine vya mgongoni kwa haraka: Cyperus crassipes, Sporobolus virginicus yenye ncha za kuchoma vifundo vya miguu, Canavalia rosea yenye majani matatumatatu na maganda ya maharage (hakuna kuonja jamani, nimesema), Launaea sarmentosa yenye maua ya njano na kamba zinazoruka juu ya mchanga zikitua hapa na pale. Mbigili pia, hiyo haikuhitaji kutafutwa, ilitutafuta yenyewe, waliokuja na ndara walijuta.

Halafu mlangamia. Nyuzi za kijani na rangi ya chungwa zimefunika kichaka kizima, hazina jani wala mzizi unaouona. Kuna aina mbili tofauti kabisa za mimea zinazoishi hivi kwa kunyonya wenzao na watu wanaziita mlangamia zote mbili, Cuscuta na Cassytha. Tulitafuta tunda tena. Cuscuta hutoa vidonge vikavu, hii yetu ilikuwa na tunda la nyama kama shanga, ikawa Cassytha filiformis, na hiyo bwana ni ya ukoo mmoja na mparachichi na mdalasini. Wanafunzi hawakuamini, mmoja akanusa kutafuta harufu ya mdalasini, hakupata akatulaumu sisi.

Jumamosi mchana, bondeni

Nyuma ya tuta la kwanza upepo unakatika kama umefungiwa mlango, joto linapanda na sauti ya bahari inapungua. Tulikula hapo, mahamri na mbaazi baridi, chai ya tangawizi imebaki vuguvugu kwenye thamosi. Bondeni kuna Cordia somaliensis kwa wingi, maua meupe na tunda la rangi ya chungwa, kuna Pluchea dioscoridis pale palipo na unyevu, kuna mti wa mswaki, na mikoma ambayo Wagiriama wanaiita mulala, ndo inayotoa majani ya kusuka mikeka.

Bibi mmoja kati ya wasukaji alikuwa amekaa kimya muda wote. Nikamwendea.

"Shikamoo Bibi, umechoka?"

"Marahaba mwanangu, sijachoka. Nawatazama nyinyi mwapima nyasi. Huu mlala mmeuandika?"

"Tumeuandika Bibi, tumeweka na GPS."

"Mmeandika kwamba haufai?"

Nikakaa chini. Akanieleza kwamba mlala ulioko mbele, unaopigwa na upepo wa bahari, majani yake wakiyachana yanakatika, hayakubali kusukwa, ule wa bondeni ndani ndo chane zake laini na ukili hutoka mrefu bila kuunga kila mara. Halafu wakikata hukata yale machanga ambayo hayajafunguka, na hawakati yote kwenye mti mmoja manake mti unadumaa. Yeye anajua mstari kabisa, akanyoosha kidole: kuanzia pale kwenye kile kichaka kuja huku, twakata, kule hatukati. Tulipokuja kupima, mstari wa Bibi ulikuwa karibu sana na pale ambapo Scaevola inakoma na Cordia inaanza. Mimi nimehangaika na mafundo ya kamba na alama za Braun-Blanquet kutafuta mpaka huo, na yeye anao mkononi miaka yote kwa sababu ya mkeka. Nimeongeza safu mpya kwenye fomu, "mpaka wa wasukaji", na nimemwomba kama atakubali tutembee naye tuta zima aonyeshe. Akasema atakuja lakini siyo kwenye mwezi wa kusi hii, macho yake hayataki mchanga.

Mwisho wa bonde kuna mivinje imepandwa mistari. Nakubali mvinje una kazi yake, boriti na fito za watu zinatoka hapo, na mizizi yake ina vivimbe vya bakteria vinavyotengeneza naitrojeni ndo maana unaota kwenye mchanga mtupu. Lakini chini yake angalia, zulia la vijani vikavu vya sindano na karibu hamna kingine. Kwadrati tatu mfululizo sifuri, nyingine moja ina mche wa mwarobaini, mbegu nadhani imeletwa na ndege. Wanaopenda kupanda mivinje kila penye mchanga mtupu wafikirie kwanza, kwa maoni yangu, tuta lenye nusu-ua na Halopyrum halihitaji msaada wetu wa miche.

Kuelekea mdomo wa mto tulikuta nyayo za kiboko za usiku zimepita juu ya mlakasa kwenda malishoni. Wanafunzi wakataka kuzifuata. Hapana.

Jumamosi jioni, mstari wa pili

Mstari wa pili ulikuwa kusudi pale ambapo pikipiki za magurudumu manne za kukodisha watalii zinapita. Sitaji ni za nani. Sura ya tuta ni ileile, umbali kutoka baharini ni uleule kwa makadirio, nilitaka tulinganishe.

Tofauti iko mbele. Kwenye mstari wa kwanza ule ukanda wa Halopyrum na mlakasa ulikuwa unapata 2 na 3 kwenye kwadrati nyingi, hapa ni sifuri, +, sifuri, sifuri, na ile + ni kamba ya mlakasa iliyokatwa vipande, kila kipande kimekauka ncha zote mbili. Nyuma kidogo Scaevola ipo bado lakini mizizi iko nje inaning'inia, upepo umekula mchanga chini yake. Na juu ya tuta kuna mwanya, mchanga unamwagika kwa ndani juu ya Cordia ambazo hazijazoea kufukiwa, nyingine zimebaki matawi ya juu tu.

Sasa mtu angekuja na orodha ya majina peke yake kulinganisha mistari hii miwili angesema ziko sawa, manake majina karibu yote yako pande zote mbili. Mlakasa upo, Halopyrum ipo (tulipata fungu moja), nusu-ua ipo. Ndo nilichokuwa nawaambia Alhamisi. Mwalimu akamwambia mwanafunzi wake aandike hiyo kwa ajili ya mradi wa shule, nikafurahi.

Jumapili

Siku ya kupanga picha na kukausha. Mimea ya matutani ni mibishi kukauka, majani yamejaa maji na chumvi, ukiyaacha kwenye gazeti lilelile siku mbili yanaota ukungu na kuwa meusi, kwa hivo magazeti yanabadilishwa kila siku, mara mbili ikiwezekana, na boksi linawekwa katikati hewa ipite. Sampuli zikikauka zinaenda hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, ambayo ina sampuli karibu milioni moja. Lebo yetu lazima iwe na tarehe, GPS, jina la mkusanyaji na namba, halafu maelezo ya mahali, na hapo kwenye mahali nimewabana wote: andika "uso wa tuta unaotazama bahari, mita 14 kutoka alama ya maji kujaa, umefukiwa nusu", usiandike "ufukweni". Rangi ya ua pia, ikikauka inapotea.

Picha zimepanda iNaturalist, ile tovuti ya watu kutambuliana mimea na wanyama, zote isipokuwa za simu moja ambayo tundu la chaji limejaa mchanga, fundi anasema kesho. Kumbukeni kule mpaka zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane ndo rekodi inapata daraja la utafiti, kwa hivo picha moja ya mbali ya kichaka haimsaidii mtu, weka jani juu, jani chini, ua kwa mbele na pembeni, tunda, na moja ya mbali inayoonyesha tuta.

Jumatano

Majibu yameanza kurudi. Cassytha imekubaliwa, plumieri imekubaliwa bila ubishi kwa sababu ya ile picha ya matunda meusi, asante dada wa maua nusu. Sporobolus mbili zimerudishwa kwamba picha hazina kichwa cha mbegu. Jumla tuna aina arobaini na kidogo kwa mistari yote, kuna majani ya jamii ya nyasi ambayo bado yanasubiri mtu wa hebaria. Majina ya wenyeji tumeweka yote kama tulivopewa, Kiswahili kwenye safu yake na Kigiriama kwenye safu yake, hata pale ambapo watu wawili walitoa majina mawili kwa mmea mmoja.

Ramani ya mpaka wa wasukaji nimeianza, nina alama za GPS za kipande kimoja tu alichonyoosha Bibi kidole. Tunangoja kusi ilegee, pengine Oktoba mwishoni kabla ya mvua za vuli kuchafua njia, atembee nasi kutoka Mambrui kuja chini mpaka mtoni. Mstari wa pili tutaurudia palepale, vigingi tumeviacha na rangi nyekundu juu. Mwalimu amesema wanafunzi wanataka kuja tena, basi waje na viatu vya kufunika mguu, kofia yenye kamba, maji yao wenyewe lita mbili kila mtu, na simu ziwekwe kwenye mifuko ya plastiki yenye zipu.